Mkono Uliosingiziwa

Shamsa na Twaha walikutana siku ya soko, Lushoto mjini, kwenye kituo cha kupokea mboga. Shamsa, karani wa uzito, alivaa dera la zambarau na sweta la kaka yake. Twaha, fundi kompyuta, alikuja kufunga mzani mpya unaotuma kilo moja kwa moja kwenye kompyuta. Akakanyaga karoti, akaangukia magunia ya kabichi.

"Pole, fundi. Nikupime kabisa?"

Kituo kizima kilicheka. Miezi miwili baadaye walikuwa wakiongelea ndoa.

Halafu mshale kwenye kioo cha kompyuta ukaanza vituko. Uliruka huku na huku, ukajibonyeza, ukafuta majina ya wakulima. Mzee Kornelio, msimamizi, alimwita Twaha. Twaha alikagua chapuchapu, asione kitu. Watu walikuwa wamejazana wakimsubiri mtaalamu, naye akaona haya kusema hajui.

"Mausi haiendi yenyewe, mzee. Huo ni mkono wa mtu."

Shamsa alimkazia macho. "Mkono wangu, Twaha?"

Twaha akainamia waya, akajifanya anaukaza. Mwanamume mzima, kainama! Shamsa akasimamishwa kazi palepale, akapanda kwao Magamba akilia.

Jioni simu ikaita.

"Shamsa, kipenzi..."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Fundi? Kwetu hakuna kompyuta." Akakata.

Siku ya tatu mshale ukaruka tena, na Shamsa hayupo. Twaha alirudi, akachomoa mausi, akaiweka pembeni. Mama Hassani, mkulima, akabwaga gunia kwenye mzani. Mshale ukaruka! Kumbe siku vituko vilipoanza, kompyuta ilipowaka ilikuta mzani ukituma namba, ikaudhani ni mausi, na kila uzito ikaufanya ni mkono wa mtu. Na waya wa mzani aliuchomeka Twaha mwenyewe. Aibu ilimuunguza mpaka masikio.

Alimpigia, akamweleza yote, akaomba radhi.

"Unaniomba radhi sikioni?" Shamsa alisema. "Mbona kunisingizia ulipaza sauti?"

Siku ya soko Twaha alisimama mbele ya wakulima, mausi mkononi, waya unaning'inia. Shamsa, aliyeitwa aje asikie, alikuwa mlangoni na mtandio mweusi.

"Shikamooni wazee. Weka gunia, Mama Hassani."

Mshale ukaruka. Watu wakaguna.

"Shamsa hakugusa kitu. Kosa ni langu. Sikujua, nikaogopa kusema sijui, nikamtupia yeye."

Mzee Kornelio naye akaomba radhi, akamrudisha kazini. Shamsa alikaa kwenye kiti chake, akavuta daftari. Twaha akasogea, macho chini.

"Na sisi, Shamsa?"

"Bado unanipenda?"

"Sana. Lakini naona aibu hata kukutazama."

"Ione tu. Posa hupelekwa nyumbani, sivyo? Yangu mjomba wako ataileta hapahapa, siku ya soko. Walionisikia nikiitwa mharibifu, wasikie na nikiposwa."