Manta Mbili za Mgiriki

Mwezi wa tatu mwaka 1993, soko la Kikula liligeuka chumba cha kulala cha Likasi nzima. Vitanda nje, makabati nje, hata picha za harusi, maana fremu ilikuwa na mnunuzi ingawa bibi harusi hakuwa naye. Watu wenye baba wa jimbo la Kasai walikuwa wameambiwa warudi kwao, pamoja na wale ambao kwao ni hapahapa, wakawa wanauza chochote kisichobebeka.

Katikati ya vurugu hiyo Symphorien, fundi wa magari, alikuwa akirudi kinyumenyume huku ameinua kabireta ya gari juani kuikagua. Akamkanyaga msichana.

"Papa fundi, hii mguu haiko ya kuuzisha," msichana akasema.

"Pole, mama. Ingekuwa ya kuuzisha, ningenunua hiyo tu, ningeacha soko yote."

Msichana alivaa blauzi ya manjano na kitenge cha ndege wa buluu, nywele zimesukwa kwa uzi zikasimama kama antena. Akamtazama kuanzia kandambili hadi puani.

"Uko na mafuta nyeusi ku pua, na bado unatongoza?"

"Hii njo marashi ya kazi yangu. Jina yako?"

"Marceline. Sikia, uko fundi kweli, ao unabebaka tu ma chuma ya batu? Papa yangu anatafuta mutu wa kumuchagulia gari."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa mguu uliovimba.

Papa Clovis, baba yake Marceline, mwenye asili ya Kasai, alifanya kazi katika kiwanda cha shaba mtaani Panda miaka thelathini. Mkewe alishafariki, walibaki yeye na binti. Kwenda kulala stesheni na maelfu wanaongoja treni alikataa. Ana ndugu Chingola, upande wa Zambia, na atakwenda kwa gari yake. Shida ni kwamba magari ya maana, yale marefu yanayobeba kitanda na mbuzi, yalishaondoka na waliotangulia. Kwa Mgiriki mmoja mwenye duka zilibaki Opel Manta mbili, gari za kukimbia, milango miwili, zimelala chini kama kuku anayeatamia. Nyeupe ya mwaka 1979 na nyekundu ya mwaka 1985. Mgiriki angepokea friji na cherehani badala ya moja, yoyote ile.

"Nyekundu," Papa Clovis alisema kabla hata ya kufungua mlango. "Miaka makumi tatu ya kazi, nitoke mu Likasi na gari ya zamani, ya septante-neuf? Batu batasema nimefukuzwa."

"Papa, tunafukuzwa," Marceline akamkumbusha.

"Haina sababu ya kuonyesha."

Symphorien alifunua boneti zote mbili, akatega sikio, akasema anahitaji muda wa kuzisikiliza. Tena kuna jambo lingine: goti la kushoto la Papa Clovis lilishagoma kukunjika, na gari zote mbili ni za kubadilisha vitesi, yaani gia, kwa mkono, zenye pedali ya klachi, embrayage kwa Kifaransa, inayodai mguu huohuo. Dereva atakuwa Marceline. Na Marceline hajawahi kuendesha hata toroli.

Basi kila alasiri, kwa ruhusa ya Mgiriki, Symphorien na Marceline wakawa kwenye kiwanja cha mpira, leo na nyeupe, kesho na nyekundu.

"Cheri, embrayage haikanyagwe kama vile unaua nyoka."

"Na mukono yako inafanya nini juu ya yangu?"

"Inafundisha vitesi ya mbili."

"Ya mbili tulimaliza jana."

"Tunafanya révision."

Msomaji anayengoja wapenzi hawa wapigiane simu atangoja sana: nyaya za simu za mtaa ule zilishakuwa kamba za kuanikia nguo. Walisemezana mumo humo garini, vioo vimefungwa, joto la kuivisha mihogo. Siku ya kumi Marceline alimpangusa mafuta puani kwa ncha ya kitenge, na mkono ukasahau kurudi.

"Kuya na shiye, twende kule Chingola," akamwambia.

"Mama yangu iko mugonjwa ku kitanda pale Kapolowe tangu Noeli. Amezaa minye moja tu. Nitamuachia nani?"

Marceline akawasha gari, akarudia vitesi ya mbili.

Siku ya kumi na nne Papa Clovis alichoka. "Fundi, tangu shaba ichimbwe hapa hakuna mashine imesikilizwa hivi. Sema."

Symphorien alitazama viatu vyake. "Chukua nyeupe, papa."

"Ile ya zamani?"

"Ile."

Mzee alirudi nyumbani akinung'unika kwamba kijana anataka nyekundu ibaki yake. Saa moja baadaye Marceline alisimama mlangoni mwa gereji, mikono kiunoni.

"Sympho, unatuibia?"

Hakubishana. Alimpeleka kwa Mgiriki, akafungua boneti ya nyekundu. "Iko na vitesi tano, iko na nguvu kupita. Lakini haina kabireta. Njo hii kasanduku ya umeme inagawanyaka mafuta. Inashaanza kukatika. Ikikufa mu njia, hakuna fundi wa huku ataiamsha, hata minye. Nyeupe, waya na sabuni inatosha, mutafika."

"Hii ingetuachia wapi?"

"Pengine hata Lubumbashi haifike."

"Tungerudi huku Likasi."

"Njo vile."

Marceline alifunga boneti taratibu. Kisha sauti ikatoka ndogo: "Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na ulishindwa kudanganya? Mara moja tu? Batu bote banadanganya mu hii inchi, weye tu njo umekuwa padri?"

"Na papa yako abaki mu njia, na ile goti, na bale benye kufukuza batu?"

"Usinipe sababu ya muzuri," akasema, akaenda zake.

Siku tatu hakuonekana. Symphorien alilala chini ya Manta nyeupe mchana kutwa, akikaza kila skrubu, akiilaani mikono yake kwa kuwa hodari. Siku ya nne aliona kitenge cha ndege kikipiga magoti karibu na gurudumu.

"Toka. Nifundishe kusafisha kabireta."

"Uliacha hasira?"

"Ninayo. Lakini sitaki fundi mwingine aiguse hii gari."

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Friji na cherehani zilishabaki kwa Mgiriki. Symphorien alibanwa nyuma kati ya godoro na sufuria, magoti masikioni, maana wangemshusha Kapolowe kwa mama yake. Papa Clovis, suti ya Pasaka mwilini, aliwapungia mkono watu ambao hawakuitika. Mashine haikukohoa hata mara moja. Mashimo ya barabara, vilima, vyote ilivimeza. Symphorien aliomba kimoyomoyo itoe moshi. Haikutoa.

Kapolowe, kando ya njia, Marceline alizima gari. Akatoa ufunguo, akaweka mapajani mwa baba yake.

"Endesha weye, papa. Minye nabaki."

Papa Clovis aliutazama ufunguo. Akalitazama goti lake. Alijaribu kulikunja, kwa kweli alijaribu, mpaka jasho likashuka kwenye kola ya suti. Goti halikukunjika.

"Mama," akamwambia binti yake polepole, "unisamehe."

Marceline akauchukua ufunguo. Alishuka akamsaidia Symphorien kujinasua kwenye sufuria, wakasimama barabarani wameshikana kama watu wanaosukuma kitu.

"Nitaku..." Symphorien akaanza.

"Usiseme utaningoja. Usiseme kitu ya ma barua. Niambie tu: hii gari itafika?"

Symphorien alitazama bati lile jeupe la mwaka 1979, kila nati aliyoikaza mwenyewe.

"Itafika," akasema, na hakudanganya.