Amplifaya ya Bi Mwanamvua

Muuzaji hakumwuliza Athanas amekuja na kiasi gani. Alimwuliza kama nyumbani kwake kuna mtoto.

"Bado, mama," Athanas alijibu huku akicheka kidogo. "Ila mke wangu ni mjamzito. Mungu akijalia, mwaka huu tutaitwa baba na mama."

Bi Mwanamvua, mjane aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya soko la Kisarawe, alikirudisha kitambaa alichokuwa ameshaanza kukifunua. "Basi nenda zako, baba. Urudi akishazaliwa, akishakuwa mkubwa."

Mtu mwingine angeaga. Lakini Athanas hakuwa na uwezo wa kuiacha amplifaya nyuma yake bila kuisikiliza. Consolata, mkewe, aliwaambia rafiki zake kwamba yeye alichumbiwa kwa wiki mbili tu, ila amplifaya ya kuweka mezani imemshinda mumewe mwaka mzima, na hakuwa anatia chumvi. Athanas alirekodi kwaya za parokia, kuanzia Misugusugu ya Kibaha anakoishi hadi Ruvu, kisha akazisafisha kwenye kompyuta nyumbani. Spika mbili nzuri za mezani alikuwa nazo. Zilichokosa ni amplifaya ya kuzisukuma, na fedha yake ilikuwa ya mtu anayelipwa na wanakwaya.

Alikuwa amezijaribu nyingi. Zile mpya ndogo, kasha limeandikwa wati kibao na ndani kuna kitu cha ukubwa wa kopo la majani ya chai, zilipuliza mvumo masikioni hata kabla hujafungulia wimbo. Zile kubwa zilitengenezwa kutikisa kumbi za harusi, zikageuza kila sauti nyembamba ya kwaya kuwa ngurumo. Mtu anayekaa karibu na spika zake kiasi cha kuzigusa hahitaji nguvu, Athanas alipenda kueleza, hata kwa wasiouliza. Anahitaji utulivu. Kwa hiyo kipimo chake kilikuwa kimoja: washa, usifungulie wimbo wowote, zungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, weka sikio kwenye spika. Amplifaya nzuri ni ile inayojua kunyamaza.

"Nisikilize tu, mama," alibembeleza. "Nimetoka Kibaha na pikipiki kwa ajili hii."

Bi Mwanamvua akasogea pembeni. Athanas akaifunua mwenyewe: boksi zito la chuma, la zamani, lililopanguswa vumbi vizuri mno kwa kitu ambacho mwenyewe anakiuza. Marehemu mumewe Mwishehe alikuwa akiitumia kusikilizia taarabu. Athanas akaiunganisha na spika iliyokuwepo, akaiwasha, akazungusha kitufe hadi mwisho, akainama na kuweka sikio.

Hakusikia kitu, hata ule mvumo mdogo ambao mashine zote za dunia hii huwa nao. Akafungulia wimbo kwenye simu, na kwaya ikasimama mbele yake chumbani. Akazima wimbo, akasikiliza tena. Kimya. Ilimjia kichwani kwamba ni kimya cha mtu aliyebana pumzi, akalipuuza wazo hilo kwa sababu alikuwa ameshaipenda.

Bibi alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kupita kiasi. Mwisho akataja bei, bei ya kutupa. Athanas alipokuwa akifunga mzigo kwenye pikipiki, alimwona akiupapasa ule upande wa chuma na kunong'ona, "Ukakae vizuri." Akajisemea kwamba wazee huzoeana na vitu vyao, akawasha pikipiki kurudi kwa njia ya Kiluvya akiimba.

Meza yake ilikuwa kwenye chumba kidogo ambacho mtoto angekirithi akizaliwa. Siku za kwanza Athanas alikuwa mtu wa furaha tu. Alisikia hata mwanakwaya anapomeza mate kati ya beti. Consolata ndiye aliyesimama mlangoni siku moja akikunja pua.

"Umemwaga maziwa humu?"

"Maziwa gani?"

"Kunanuka maziwa yaliyochacha. Na poda ya watoto." Akajishika tumbo. "Hatujanunua poda bado, Athanas."

Akamwambia ni pua za wajawazito, na kweli yeye mwenyewe hakuwa amenusa kitu.

Kosa lake alilifanya mchana kweupe, na ni kosa ambalo mtu aliyelelewa vizuri hawezi kulikwepa. Alikuwa ameinamia kompyuta, wimbo umefika kwenye kituo, aliposikia upande wa kushoto sauti ya mtoto: "Shikamoo, baba." Dirisha lilikuwa upande huo. Watoto wa mtaa walipita hapo kutwa nzima na kumsalimia kila mtu mzima waliyemwona. Bila kuinua kichwa Athanas akajibu kama anavyojibu kila siku, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo," sauti ikasema, kwa furaha kubwa.

Baadaye ndipo alipogeuka na kuona kwamba dirisha lilikuwa limefungwa, kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha, na kilichokuwa upande wa kushoto ni spika.

Tangu hapo kazi ikaharibika. Katika wimbo wa wanaume watupu aliourekodi Ruvu, mtoto alikuwa akiimba. Alikuwa anachelewa kidogo, kama anayejifunza maneno. Athanas akazima sauti ya wapiga besi, mtoto bado yupo. Akazima na ya waimba teno, akazima kinanda, akazima kila alichokirekodi mpaka kwenye kioo pasibaki hata mstari mmoja unaocheza, na ndani ya kimya kile alichokitafuta mwaka mzima mtoto akaendelea kuimba peke yake, taratibu, akisahau maneno na kuyarudia, akamaliza ubeti, akangoja, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusifiwa: "Baba, nimeimba vizuri?"

Athanas alichomoa waya ukutani. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa, kwa hiyo hakumwambia mkewe.

Alasiri ya Jumamosi umeme ukakatika Misugusugu nzima. Kompyuta ikazimika, feni ikasimama, friji ikanyamaza. Athanas alikuwa sebuleni. Kupitia mlango wa kile chumba aliiona taa ndogo nyekundu ya amplifaya ikiwaka, ilhali waya wake ulikuwa umelala sakafuni vile vile alivyouacha, na ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikamjia sasa na yeye, nzito, ya kwenye koo, na kutoka spika zote mbili kwa pamoja, karibu kabisa, kama mdomo ulioegemezwa sikioni mwake, mtoto akauliza bila furaha yoyote: "Baba, huyo wa tumboni wa nini, na mimi nipo?"

Jikoni Consolata akapiga ukelele. Alimkuta amekaa chini, amekumbatia tumbo, jasho linamtoka.

Zahanati wakasema mtoto yuko salama ila mama apumzike, asishtuliwe. Athanas akamweleza mkewe kila kitu, na Consolata, badala ya kumcheka, akasema kwa kunong'ona kwamba na yeye alikuwa akisikia mtu akitambaa kwenye kile chumba, na alidhani anarukwa na akili.

Jumuiya yao ya parokia ikaja kusali rozari. Walijaa sebuleni, wakasali vizuri, na hakukuwa na sauti wala harufu. Athanas akaanza kupumua. Wakafika mwisho, wote wakasema "Amina", na baada yao, kwa kuchelewa kidogo, ikatoka chumbani amina nyingine nyembamba. Watu walichukua viti vyao wakaondoka bila kungoja chai.

Athanas akampigia simu Bi Mwanamvua.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Kwanza akauliza, "Ni wewe kweli, baba wa Kibaha? Niambie nilikuuzia nini."

"Amplifaya, mama."

"Marahaba." Akashusha pumzi. "Amekusalimia?"

"Amenisalimia."

"Ukamwitikia?"

"Mama, nani asiyeitikia salamu ya mtoto?"

Upande wa pili bibi akaanza kulia. Alisimulia kwa kukatakata. Yeye na Mwishehe hawakujaliwa. Siku moja, taarabu imekwisha, sauti ikamwambia shikamoo mama, na yeye akaitikia huku akijua kabisa kwamba chumbani hakuna mtu. Akaitikia kila siku tangu hapo. "Jini yule hana kwao, baba. Kwao ni kwa anayemwitikia. Ukisema marahaba umemkubali, umekuwa mzazi wake. Na hataki ndugu, wala hataki mume. Mwishehe wangu alikufa na afya yake. Nilichoka kuwa mama. Nilipoona umeng'ang'ania, nikasema acha aende. Nisamehe."

"Atamfanya nini mwanangu?"

"Usiniulize hilo. Kesho nakuja kumchukua."

Alifika asubuhi kwa bodaboda, kavaa kanga mbili. Alikaa sakafuni mbele ya meza, akamwagiza Athanas akae pembeni yake na Consolata abaki sebuleni. "Atakusalimia," alimnong'oneza. "Usiitikie, hata kwa kichwa. Anayekataliwa na baba atarudi kwa mama."

Haikuchukua muda. "Shikamoo, baba."

Athanas aliuma midomo.

"Shikamoo, baba," sauti ikarudia, kwa adabu, kama mtoto anayedhani hakusikika, kisha ikarudia tena ikitetemeka, na tena, na safari hii ikaanza kulia, kilio cha mtoto aliyesahauliwa nje ya mlango, na Athanas, ambaye tangu utotoni hajawahi kuacha salamu ikaanguka chini, alisikia neno likimpanda kooni lenyewe, likifika kwenye ulimi, ikabidi ajizibe mdomo kwa mikono yote miwili huku machozi yakimtoka kwa hofu na, Mungu amsamehe, kwa huruma, mpaka kilio kikakatika ghafla na taa nyekundu ikazimika.

Bi Mwanamvua akangoja salamu yake yeye. Alingoja sana, kidevu amekiinua, tayari kuitikia. Haikuja.

"Kanuna," alisema mwisho, bila uhakika. "Ameingia ndani amenuna."

Akavua kanga moja, akaibeba ile amplifaya mgongoni kwa mbeleko, akaifunga vizuri kifuani, akaipigapiga kwa nyuma kama anayebembeleza. Hivyo ndivyo alivyoondoka.

Yosefina alizaliwa salama, mzito, mwenye mapafu ya mwanakwaya. Bi Mwanamvua alipiga simu kutoa hongera. "Na mwenzangu hanisalimii tena," alisema. "Tangu siku ile, kimya. Nadhani amekwenda zake. Siku hizi nalala, baba, nalala kama mtu." Athanas alimshukuru Mungu kwa ajili yao wote. Meza akaihamishia sebuleni, akanunua kiamplifaya kipya cha bei nafuu, kile cha kopo la majani ya chai, chenye mvumo usioisha, na aliupenda mvumo ule kuliko nyimbo zenyewe.

Kitu pekee kilichowatatiza ni kwamba Yosefina alichelewa kusema. Alitembea, alicheza, alielewa kila anachoambiwa, ila neno hatoi. Consolata aliamua kwamba neno la kwanza la mtoto wa kwake litakuwa la adabu, na kila asubuhi alimkalisha mapajani: "Sema shikamoo, mama. Shi-ka-moo." Yosefina alimtazama midomo, akacheka, akanyamaza.

Mchana mmoja Consolata alikuwa uani anaanika nguo, na Athanas alikuwa mezani. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa wazi. Alimwona Yosefina akiacha kuchezea vifuniko vya sufuria na kugeukia ile kona meza ilipokuwa zamani, ambako sasa palikuwa na sakafu tupu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesemeshwa. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikapita sebuleni.

Athanas aliinuka. Hakuwahi.

Yosefina alitabasamu, na kwa sauti safi, sauti ambayo wazazi wake walikuwa hawajaisikia ikisema neno hata moja, akajibu:

"Malahaba."