Mitungi ya Ratanbai

Zama zile bandari zikipigania pembe na ambari, mji wa Mtangani ulizingirwa na adui miezi miwili. Mvua ikashusha uchafu kisimani, na askari wa lango wakashikwa na tumbo la kuhara. Miongoni mwao alikuwamo Shekuwe, jemadari wa lango, ndugu wa pekee wa msichana aitwaye Somoe. Lango likikosa watu, mji umekwisha; hilo lilijulikana hata na watoto.

Risasi nazo zikapungua. Amiri Shehali, jambia kiunoni, akapita nyumba kwa nyumba: shaba yote iende kwa mhunzi, iyeyushwe iwe risasi. Akafika kwa Ratanbai, mjane wa Kibaniani kutoka Kachi ya Uhindi, mwenye mitungi saba ya shaba. Somoe alikuwa akimfagilia ua.

"Bwana Amiri," akasema Ratanbai, "ukiyeyusha mitungi hii, na watu wako watayeyuka."

"Bibi, adui hapigwi kwa maji."

Somoe akaweka ufagio chini. "Bwana wangu, miezi yote hii nafagia hapa, na humu hajaugua mtu. Maji huchemshwa na tangawizi na jira, yakalala ndani ya shaba, yakanywewa alfajiri kabla ya kula. Nipe siku saba. Ndugu yangu asiposimama, mitungi nitaibeba mwenyewe hadi kwa mhunzi."

"Saba," akasema Amiri. "Ya nane sikujui."

Alfajiri Somoe akafika langoni na mtungi kichwani.

"Dada, hii dawa au mchuzi uliokimbiwa na samaki?" akauliza askari mmoja, mgongo ukutani.

"Kunywa wewe. Samaki utamvua ukiweza kusimama."

Siku ya nne Shekuwe alikuwa amelegea zaidi, na wengine wawili wameanguka. Mhunzi akaanza kutengeneza mivukuto yake.

Somoe hakubishana na mtu. Alikaa kando, akawatazama wakinywa. Kata ya kuchotea ilikuwa moja. Mgonjwa alinywa, akaichovya tena mtungini, akampa mwenziwe. Kwa Ratanbai mdomo haukugusa chombo kamwe. Maji yalimiminwa kutoka juu, kinywa wazi. Mji mzima ulidhani ni kiburi, kwamba yule mama anawaona watu najisi. Hata Somoe aliwahi kununa.

Akaichukua kata, akaipiga jiweni, ikapasuka.

"Una wazimu?" akafoka askari.

"Panua kinywa."

Maji yaliyochovywa kata akayamwaga, akaleta mtungi mwingine.

Siku ya saba Amiri alikuja na mhunzi. Akamkuta Shekuwe amesimama, ameegemea mkuki, miguu ikimtetemeka, lakini amesimama. Amiri akatazama mitungi, kisha akamwambia mhunzi, "Twende kwangu. Nina masinia ya shaba."

Siku chache baadaye adui alilivamia lango, akakuta lina watu. Hakurudi tena.

Habari za mji zimelihifadhi jina la Amiri na la jemadari wake. Ratanbai na Somoe hawamo. Lakini Mtangani, mgeni akiomba maji, mama mwenye nyumba huinua mtungi juu, akamwambia, "Panua kinywa."