Nahodha Hajafa

“Nahodha hajafa,” alisema Sindano, ameziba ngazi kwa mwili mzima.

“Kafa, jirani,” alijibu fundi wa lifti wa ghorofa ya juu. “Kitabu cha pili, kwenye karamu, kachomwa kisu na ndugu yake wa tumbo moja. Nimesoma mwenyewe.”

“Na nani alikutuma umwambie mama yangu?”

Mama Pacha wa mlango wa pili akatoka mbio, mikono povu tupu, uso tayari kwa kilio. “Nani kafa? Mbona kila siku mimi ndiye wa mwisho kujua?”

“Mtu wa kitabuni,” akajibiwa na fundi wa lifti.

“Aa.” Lakini hakurudi ndani. Ugomvi ni ugomvi, hata marehemu akiwa wa karatasi.

Mtaa ulimwita Sindano kwa sababu pini hazikuwahi kubanduka kwenye kola yake. Alishonea nguo sebuleni kwao, ghorofa ya pili. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, akakatazwa kusoma miezi mitatu, naye kwa vitabu alikuwa mlevi: vile vinene vya falme na majoka, vya watu wazima, ambavyo unayempenda anaweza kufa kabla chai yako haijapoa. Basi kila alasiri Sindano akawa anamsomea karibu na dirisha. Alipofika pale karamuni, aliinua macho kutoka kitabuni. Baba yake alikuwa na miezi minne tu kaburini. Akamponya nahodha papo hapo, kwa maneno yake mwenyewe. Na uongo ni kama mshono ulioruka, ukiuacha mmoja utaufukuzia hadi kwenye upindo. Vitabu vitatu vilivyofuata nahodha aliishi, akapigana, akaota na mvi.

Juu yao, kibarazani, fundi wa lifti alikuwa akisikiliza, ovaroli ina grisi, miguu ndani ya ndoo ya maji.

“Leo umekatisha pabaya, mtesaji wangu,” alimwambia kwenye simu kila jioni.

“Njoo kesho kama wenye tiketi.”

Ikafika mahali Sindano anajipaka poda ili amsomee mama asiyeona.

Sasa leo fundi amekutana na mama ngazini, mama anatoka kuchukua miwani yake mipya, fundi akamwaga yote. Mama aliingia chumbani akajifungia, na hii ilikuwa saa ya pili.

“Akipatwa na jambo,” Sindano alisema, “namba yangu uifute.”

Fundi akapanda kwake. Sindano akarudi ndani, akagonga mlango wa chumba, hola. Simu ikaita mara tatu, akaiacha. Ya nne akapokea.

“Unataka nini?”

“Kafungua?”

“Hajafungua.”

“Nisikilize kidogo, halafu ukate. Wiki iliyopita mama aliniambia anatafuta kingine, maana hiki kinakwisha. Kiwe cha watu wazima, kisichotabirika. Nikaenda kwa muuza vitabu vya mitumba, nikamsimulia hiki chenu ili anipe ndugu yake. Akaniambia jina ndilo, hadithi siyo. Nikavinunua, nikasoma, nikadhani mchapaji kakosea. Ndipo nikamuuliza mama, kwa ujinga wangu.” Akavuta pumzi. “Kumbe ninachokitafuta mji mzima kinasomwa chini ya miguu yangu, na hakijachapwa popote.”

Kitasa cha chumba kikalia.

Mama akatoka, miwani puani, kitabu cha pili kifuani, macho mekundu.

“Nimesoma kurasa kumi na moja,” alisema. “Mwenyewe. Herufi zinacheza mwanzoni, halafu zinatulia.”

Sindano akakaa sakafuni palepale, simu mkononi. “Mama, nisamehe. Niliogopa.”

“Nilijua siku ileile. Ulisoma robo saa nzima bila kufunua ukurasa. Walinifunga macho, masikio hawakunifunga.”

“Na hukusema?”

“Niseme nini, mwanangu? Wewe ndiye uliyehitaji aishi.” Akamshika kichwa. “Baba yako nilimfumba macho kwa mkono huu. Nahodha wa karatasi angenifanya nini? Leo nimemlilia, yamekwisha. Ila lipo moja sijalisamehe. Yeye na malkia, kule hemani. Umeziruka kurasa tisa. Unadhani wewe nilikuokota?”

Kicheko kikatoka ndani ya simu. Fundi hakuwa amekata.

“Huyo naye ashuke,” mama alisema.

Alishuka ngazi mbilimbili. Ovaroli ameivua, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo kombo, mkononi kitabu kama tofali. “Cha kwanza kati ya saba, Mama.”

“Shujaa anakufa?”

“Sijui. Muuzaji anasema alidhani anajua mara tatu, akakosea mara tatu.”

“Hicho ndicho. Nitasoma mwenyewe asubuhi. Jioni macho yapumzike, mnisomee.”

“Tutapokezana,” Sindano alisema, akimsogelea fundi kumpangia vifungo. “Vifo asome yeye.”

“Na hemani?” mama akauliza.

“Hemani nitajitahidi.” Kisha kwa sauti ya chini, kidole bado kwenye kifungo, “Namba yangu uliifuta?”

“Ningeifuta ingesaidia nini? Iko kichwani, mpenzi.”

Mama Pacha akachungulia mlangoni. “Kwa hiyo hakuna aliyekufa?”

“Kafa, na tumeshamlilia,” mama alijibu, akiondoa mikasi na vitambaa mezani. “Ingieni wote mnawe mikono, chakula kinapoa.”