Mwokaji Aliyeogopa Tanuri Lake

Watu wa mtaa ule walikuwa wakiamshwa na harufu ya mikate. Jua lilikuwa bado halijachomoza, na Jogoo alikuwa ameshakanda unga na kuwasha tanuri.

Jogoo si jina alilopewa na wazazi wake. Majirani ndio waliomwita hivyo, kwa kuwa aliamka kabla ya wote. Mkewe alimwita Baba Pacha, kwa sababu walikuwa na mabinti mapacha waliokuwa wakisoma shule ya msingi. Yeye mwenyewe aliitwa Mama Pacha. Kuna jirani aliwahi kujaribu kumwita Kuku, kwa kuwa ni mke wa Jogoo. Mama Pacha alimtazama tu. Jirani alichukua mkate wake akaenda zake, na jina hilo halikusikika tena.

Duka lao la mikate lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Katikati kulikuwa na meza pana ya kukandia. Kwenye kona kulikuwa na tanuri la gesi, na nyuma ya tanuri kijistoo cha unga. Mlango wa nyuma ulikwenda uani, kwenye bomba la maji. Mume alikanda na kuoka. Mke aliuza, alisafisha, na alimtania mumewe asubuhi nzima. Kazi ilikwenda.

Siku moja mpira wa gesi ulivuja bila wao kujua. Jogoo alipowasha kiberiti, moto uliruka hadi kwenye dari. Alifanikiwa kufunga mtungi, na moto ukazimika. Nyusi zake ziliungua, na mkono wake mmoja ukababuka. Mama Pacha alikuwa uani akichota maji. Alipoingia mbio na ndoo yake, mumewe alimkamata mabega kwa nguvu.

"Ulikuwa wapi?" alifoka. "Nakuuliza, ulikuwa wapi?"

Mama Pacha hakuelewa kosa lake ni lipi.

Fundi wa gesi alikuja. Alibadilisha mpira, akapaka povu la sabuni kwenye maungio kuona kama kuna gesi inayotoka. Hapakuwa na povu lililovimba. "Sasa kila kitu ni salama," alisema. Mkono ulipona. Nyusi ziliota. Majirani walisema pole, wakashukuru Mungu, wakasahau.

Lakini Jogoo hakuwa yule wa zamani. Sufuria ikianguka, aliruka. Usingizi ulimpaa. Alipokaribia tanuri jasho lilimtoka, hata kabla halijawashwa. Alichelewa kufungua mlango wa tanuri, na mikate ikaungua. Wateja walianza kunung'unika.

Jambo lililomuumiza zaidi Mama Pacha lilikuwa jingine. Kila aliposogea karibu na tanuri, hata kama anafagia tu, mumewe alimkaripia.

"Toka hapo!"

"Nafagia, Baba Pacha."

"Nimesema toka! Nenda mbele ukauze."

Mama Pacha alikwenda mbele akauza. Aliwachekea wateja kama kawaida. Ila moyoni alijisemea, "Huyu mtu amenichoka." Mezani walikula bila kuongea. Mapacha waliwatazama wazazi wao kwa zamu, kisha wakatazama sahani zao.

Asubuhi moja Jogoo alikuwa akitoa trei. Mara trei ilimponyoka, mikate ikatawanyika sakafuni. Aliinama akashika kifua. Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbizwa.

"Moyo wangu," alisema. "Mama Pacha, ninakufa."

"Hufi! Nishike shingo. Twende."

Jirani mwenye gari aliwapeleka kituo cha afya. Daktari alimpima presha, akampima moyo kwa mashine, akachukua damu. Walisubiri kwenye benchi. Mama Pacha alishika mkono wa mumewe, ingawa hakujua kama anautaka. Jogoo hakuutoa.

Majibu yalipokuja, daktari aliwaita ndani.

"Mmefanya vizuri kuja haraka. Maumivu ya kifua hayapuuzwi hata siku moja. Nimetazama kila kitu, na moyo wako ni mzima."

Jogoo aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo najifanya, daktari?"

"Hata kidogo. Kifua kilikubana kweli. Pumzi ilikukatika kweli. Ila chanzo si moyo. Hebu niambie, kuna jambo lolote lililokushtua siku hizi?"

Mama Pacha ndiye aliyeeleza habari ya moto. Daktari alisikiliza, kisha akawapeleka mwisho wa korido, kwenye chumba cha mshauri. Mshauri huyo alikuwa muuguzi wa makamo, mwenye viatu vya raba na sauti ya taratibu. Alivuta viti vitatu, akavipanga bila meza katikati.

"Karibu, kaka. Karibu, dada. Leo tutazungumza tu."

"Mimi si mwendawazimu," alisema Jogoo kabla hajakaa.

"Najua. Wendawazimu hawajui kuoka mikate kama ile yako. Mimi ni mteja wako." Mshauri alicheka, na Jogoo akatabasamu kidogo. "Ngoja nikueleze. Mtu akipatwa na hatari, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Hiyo ni kazi nzuri, ndiyo iliyokusaidia kufunga mtungi. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini wakati mwingine mwili haupati habari kwamba mambo yamekwisha. Unaendelea kushika lindo. Ukiona tanuri, unapiga kelele, moto!"

"Lakini fundi alishatengeneza. Nalijua hilo."

"Kichwa kinajua. Mwili bado. Na mwili hauelewi maneno matupu. Tutauambia kwa njia yake, kwa pumzi na kwa misuli."

"Pumzi?" Jogoo alimgeukia mkewe. "Nimepumua tangu nizaliwe, leo nafundishwa?"

"Na mikate watu wamekula tangu wazaliwe," alijibu Mama Pacha, "mbona hawajui kuoka?"

Mshauri alimwambia Jogoo aweke nyayo zote mbili sakafuni na mkono mmoja tumboni.

"Vuta hewa puani, polepole, mpaka tumbo lisukume mkono. Usijaze kifua. Haya, sasa itoe kwa mdomo, taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Kama unapoza chai ya mtoto. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida."

Mara ya kwanza hewa ilimtoka kwa kishindo. Alirudia, akarudia tena. Mabega yake yalishuka. Mama Pacha aliyaona yakishuka. Hakuwa amejua kwamba siku zote zile yalikuwa yamepandishwa hadi karibu na masikio.

"Sasa funga ngumi. Kaza, kama unashika unga mgumu. Shikilia kidogo. Achia. Sikia tofauti. Donge la unga ukishalikanda, unalifanya nini?"

"Unaliacha lipumzike."

"Usipoliacha?"

"Linakuwa bishi. Ukilivuta linajirudi." Jogoo alitazama mikono yake. "Dada, umenipata."

Mshauri alimfundisha pia la kufanya hofu ikimvamia ghafla: akanyage sakafu kwa nguvu, aguse kitu kilicho karibu, ataje kwa sauti vitu anavyoviona, meza, ndoo, dirisha. "Hivyo unauambia mwili uko hapa, leo, wala si siku ile."

Kisha akaongeza, "Hili si kombe la dawa la kunywa mara moja ukapona. Linataka mazoezi kila siku, hata ukiwa mtulivu. Na kama usingizi utazidi kukimbia, au ukaanza kuona maisha hayana maana, njoo siku hiyohiyo. Wapo wanaohitaji na vidonge, na si aibu. Na kifua kikibana kwa namna nyingine, nenda kwa daktari kwanza."

Tangu siku ya trei Jogoo hakuthubutu tena kuwasha tanuri, na duka lilifungwa kwa muda. Nyumbani alifanya mazoezi akiona haya. Mapacha walipomkuta amekaa, mkono tumboni, waliuliza kama ana njaa.

"Napumua," alisema.

Walikaa kando yake, wakaweka mikono tumboni, wakaanza kushindana nani atatoa hewa polepole zaidi. Wote wanne waliishia kucheka. Kicheko hicho kilikuwa hakijasikika nyumbani kwa muda.

Waliporudi kwa mshauri, aliuliza swali moja lililobadilisha mambo.

"Kaka, siku ile moto uliporuka, ulifikiria nini?"

Mama Pacha alitaka kujibu badala yake. Mshauri alimzuia kwa mkono.

"Nilimwita," Jogoo alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuwa ameniambia anakwenda kuchukua unga. Stoo iko nyuma ya tanuri. Nilimwita, hakuitika. Nikafunga mtungi, nikaingia kwenye moshi kumtafuta. Nilipapasa chini. Niligusa gunia, nikadhani ni yeye."

Chozi lilimdondoka, akalifuta kwa mkono uliokuwa umebabuka.

Mama Pacha aliikumbuka asubuhi ile. Unga ulikuwa bado upo kwenye ndoo ya unga. Ndiyo maana aliacha kwenda stoo, akatoka uani. Maji ya bomba yalikuwa yakipiga kelele kwenye ndoo, hakusikia kitu.

"Kumbe ndiyo maana ulinifokea," alisema.

"Sikukufokea. Nilikuwa nimekuona mzima."

"Na kila siku, toka hapo, toka hapo..."

"Nikikuona karibu na lile tanuri, nashika tena lile gunia."

"Mimi nilidhani umenichoka, Baba Pacha."

"Nikuchoke wewe?" Jogoo alishangaa kweli. "Nitamchokaje mtu niliyemtafuta kwenye moshi?"

Mshauri alisogeza kiti chake kando, akatazama dirishani, akawaacha walie. Baadaye alisema kwamba hofu isiyosemwa hukaa mwilini ikitafuta mlango. Ikipata mtu wa kuisikiliza, inapungua uzito.

Toka hapo kazi ilikwenda hatua kwa hatua. Mwanzo walisimama tu mbele ya tanuri likiwa limezimwa, mtungi umefungwa. Jogoo alipumua mpaka mapigo yakatulia, ndipo wakaondoka. Siku nyingine alifungua na kufunga mlango wa tanuri. Kisha Mama Pacha alisimama karibu nalo, naye Jogoo akavumilia kumtazama.

Walipofika kwenye kuwasha, alikimbilia uani. Alikaa kando ya bomba, amejiinamia.

"Nimeshindwa," alisema.

"Hujashindwa. Umekagua mpira, umefungua mlango, umeshika kiberiti. Juzi hukukishika. Tutarudia kesho."

Kesho walirudia. Mama Pacha alisimama pembeni yake, bega kwa bega. Jogoo alinusa kama kuna gesi, akakanyaga sakafu, akatoa hewa taratibu. "Meza," alisema. "Ndoo. Dirisha. Mke wangu." Akawasha. Moto wa bluu ulijipanga kimya ndani ya tanuri. Safari hii miguu haikukimbia. Mikate ya siku ile ilitoka myekundu vizuri, na mteja wa kwanza aliinusa mbele ya duka kabla hajatoa salamu.

Hofu haikuondoka yote kwa mkupuo. Kuna siku ilirudi, hasa akiwa amechoka. Ila sasa aliijua. Alikaa chini, akapumua, akaiacha ipite. Usingizi ulirudi. Jioni alianza kutembea na binti zake hadi mwisho wa barabara, bila haraka.

Halafu, asubuhi moja shwari, Mama Pacha alikuwa akifuta meza, akaanza kulia. Hakuna aliyemuudhi. Hakuna kilichoanguka. Machozi yalikuja tu, na mikono yake ikashindwa kukamua kitambaa.

"Sijui nina nini," alisema. "Mambo yote ni mazuri. Wewe umepona. Mbona nalia?"

Jogoo alizima tanuri kwanza. Alifunga mlango wa mbele, ingawa wateja walikuwa wameanza kufika. Akageuza kreti mbili, wakaketi wakitazamana, magoti yakigusana.

"Siku zote ulinibeba," alisema. "Nani alikubeba wewe?"

Mama Pacha alitikisa kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Lia tu. Nipo. Ukimaliza kulia, weka nyayo chini. Keshokutwa tunakwenda wote kwa mshauri, na safari hii kiti cha katikati ni chako."

Nje mtu aligonga. "Jogoo! Mikate vipi leo?"

"Subiri kidogo!" Jogoo alijibu bila kugeuka. Aliuchukua mkono wa mkewe uliojaa unga, akauweka taratibu juu ya tumbo la Mama Pacha mwenyewe, akaweka wake juu yake. Kisha wakavuta hewa pamoja.