Leso Isiyofuliwa

Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Raghad alioga, akachana nywele, kisha akaketi barazani na simu ya bibi yake mapajani. Ijumaa ndiyo siku ambayo mama yake alikuwa mapumzikoni huko Maskati, alikofundisha hesabu katika shule ya kimataifa. Honi ya feri ilipolia upande wa kivukoni, Raghad aliinua kichwa. Zamani mama alikuwa akirudi nyumbani Timbwani kwa feri, akiwa na mahamri mkobani.

Simu ilipolia, salamu zilianza kama kawaida.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Njema."

"Na masomo?"

"Njema."

"Na hapo nyumbani?"

"Njema, alhamdulillahi."

Ndivyo alivyolelewa. Watu wa kwao, hata waliofiwa, hujibu njema kwanza, ndipo waeleze yaliyowafika. Lakini Raghad aliishia kwenye njema, wiki baada ya wiki.

Siku hiyo mama hakuishia kwenye salamu. "Nisikilize, Raghad. Mwalimu anayetaka kuondoka hapa mwezi wa Juni, mwaka wa masomo ukiisha, lazima atoe barua ya kuacha kazi kabla Januari haijaisha, ili shule ipate muda wa kutafuta mwingine. Nikichelewa, nitafungwa na mkataba mwaka mwingine mzima. Kuna shule huko Kisauni inayonitaka. Niambie, unaendeleaje bila mimi?"

Raghad alijua mama aliipenda kazi yake.

"Njema, Mama. Usiwe na wasiwasi."

"Haya basi," mama alisema polepole. "Huenda nikabaki."

Jumatatu, Raghad alimsimulia rafiki yake Nyamvula habari hiyo wakifagia darasa.

"Wewe hata nyumba ikiungua utasema njema," Nyamvula alimtania. Kisha akaona macho ya mwenzake, akaweka ufagio chini. "Si juzi tu ulikuwa ukilia kule nyuma ya tangi la maji?"

"Sitaki aache kazi nzuri kwa ajili yangu."

"Kwani aliuliza habari za kazi? Aliuliza habari zako."

Raghad aliketi kwenye dawati. Nyamvula alimalizia kufagia sehemu zao zote mbili.

Siku mbili kabla ya mwisho wa Januari, bibi yake, Bi Kuluthum, alikuwa akifua uani. Aliita kutoka kwenye karai.

"Raghad!"

"Abee, Bibi."

"Niletee ile leso ya mamako iliyo chini ya mto wako. Tangu aondoke sijaiona kwenye nguo za kufua."

Raghad alitoka nayo, lakini hakuitoa mkononi. "Usiifue, Bibi. Harufu yake itatoka."

Bi Kuluthum hakumkemea. Alifuta povu mikononi, akamvuta mjukuu wake kwenye kigoda, akamwacha alie mpaka akatulia. Raghad alieleza yote, hata habari ya barua.

"Na mamako hayajui haya?"

"Mimi humwambia njema."

Bibi akaenda ndani, akarudi na simu. "Leo si Ijumaa, lakini mpigie."

Mama alipokea kwa hofu. "Kuna nini huko?"

"Shikamoo, Mama. Hali yangu si njema," Raghad alisema. "Nalala na leso yako kila siku. Nataka urudi."

Sauti ya mama ilikuwa nzito. "Ahsante, mwanangu. Barua niliiandika zamani. Nilishindwa kuitoa nikidhani umeshazoea mimi kuwa mbali. Naipeleka sasa hivi kwa mwalimu mkuu."

Jioni aliwapigia tena: barua ilikuwa imepokelewa kwa wakati. Lakini hakuweza kuja kabla ya Juni, kwani wanafunzi wake walikuwa bado na masomo.

Raghad alihesabu miezi kwa vidole, akaona bado ni mingi.

"Salamu ni adabu, na adabu hatuiachi," Bi Kuluthum alimwambia. "Sema njema yako. Lakini akupendaye akikuuliza u hali gani, baada ya salamu mpe na ukweli. Mamako alikuwa akikata shauri kubwa, na wewe ulimficha jambo alilolihitaji zaidi. Siku ya mwisho ingepita, na kila mmoja wenu angelia peke yake."

"Nimesikia, Bibi." Raghad aliitazama leso mapajani. "Na hii?"

Bibi aliikunja vizuri, akamrudishia.

"Hii tutaifua Juni, inshallah. Yeye mwenyewe akiwa hapa kuianika."