Abiria wa Chumba 317

Taulo lilikuwa limelowa. Jorunn alilikamua kidogo, akaonja ncha ya kidole: chumvi. Chumba 317 hakikuwa na abiria tangu meli iondoke bandari ya Tromsø, na kitanda alikitandika mwenyewe jana. Sasa katikati ya shuka palikuwa na bonde, kama mtu mzito alilala hapo na nguo mbichi.

Alimweleza Kåre, mkuu wa wahudumu, aliyekuwa akikimbizana na kikombe chake cha kahawa mezani kwa jinsi meli ilivyoyumba.

"Tuko baharini, Jorunn. Ulitegemea ukute nini, unga?"

Kabla hajamjibu, nahodha alisikika kwenye kipaza sauti akiomba radhi: upepo umezidi, bandari ya Honningsvåg hawataingia. Abiria waliolipia safari ya kwenda kuiona rasi maarufu ya kaskazini wakanung'unika. Jorunn akashuka sitaha ya chini na ndoo yake, na hapo ndipo aliposikia mlango wa ubavuni, ule wa kushukia abiria, ukigongwa. Mara tatu, taratibu. Ulikuwa ukigongwa kwa ndani, na ukumbini hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji tu mbele ya kizingiti.

Bandari iliyofuata, Mehamn, nayo iliwashinda. Walisogea mpaka taa za gati zikaonekana, kisha wimbi likawarudisha nje kama mwenye nyumba anayemsukuma mgeni asiyemtaka. Mlango ukagongwa tena, kwa pupa sasa, na sauti ikaja.

"Jorunn, nifungulie. Nimechoka na baridi."

Ilikuwa sauti ya Edvin, kaka yake, ambaye mashua yake ilizama nje ya Berlevåg miaka kumi na tisa iliyopita, kisipatikane hata kiatu chake. Mama yao bado aliishi kule, peke yake, katika nyumba iliyotazama gati.

"Usiitike, binti," mtu akamnong'oneza nyuma yake.

Alikuwa Ravna, bibi wa Kisami, wenyeji wa kale wa kaskazini huko, kutoka Karasjok, abiria aliyekuwa akienda kwa mjukuu wake. Huko kwao watu walimpelekea wagonjwa awasomee maneno ya kale.

"Ni kaka yangu, bibi."

"Sauti ndiyo ya kaka yako. Anayeitumia ni mwingine. Hawa hawana sauti, huazima za waliozama." Bibi aliutazama mlango bila kupepesa. "Anataka nchi kavu. Wewe unadhani upepo huu unatuonea? Unamzuia yeye asifike."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie nahodha asiingie Berlevåg. Mimi nitasoma hapa. Ila mlango ukifunguliwa, kusoma kwangu ni bure."

Jorunn alipanda kwa nahodha, maneno yakiwa tayari mdomoni.

"Afadhali umekuja," nahodha akasema. "Wewe mwenyeji wa Berlevåg. Tujaribu au tupite?"

Akamfikiria mama yake, aliyekuwa akizeeka dirishani. Akaifikiria ile sauti ikilalamikia baridi.

"Mlangoni mwa bandari upepo hupungua," akasema. "Utaingia."

Wakaingia. Baharia alipofungua ule mlango, Ravna alinyamaza katikati ya neno, na Jorunn, aliyesimama ukutani akimngoja kaka yake, akahisi kwanza baridi ikimpanda magotini, kisha harufu ya mwani uliooza na mafuta ya samaki ya zamani, kisha akaliona koti la mvua la mvuvi likimpita karibu kiasi cha kumlowesha bega, akainua macho aone uso alioukumbuka miaka yote hiyo, na juu ya ukosi, ndani ya kofia ya koti, hapakuwa na uso, palikuwa na fungu la mwani jeusi likitanuka na kusinyaa, likitanuka na kusinyaa, kama kitu kinachojifunza kuvuta pumzi.

Baharia hakuona kitu. Alishangaa tu nyayo za maji zikikata gati kuelekea ile nyumba iliyotazama gati.

"Nini hiki umetushushia," Ravna akasema, si kwa kuuliza.

Upepo ulikatika saa ileile. Meli ikang'oa nanga katika bahari iliyolala kama maziwa bakulini, abiria wakapiga makofi, Kåre akatangaza keki ya bure. Jorunn alikuwa sitahani, akimpigia mama yake simu.

"Mama, funga mlango. Asiingie mtu."

"Yuko jikoni," mama yake akajibu polepole. Alikuwa akilia kwa furaha. "Mbona hukuniambia mnakuja naye? Amelowa, maskini, hasemi kitu. Ngoja nimvue kofia."

"Mama, usimguse. Mama."

Kiti kiliburuzwa. Baada ya hapo mama yake hakujibu tena, ila simu haikukatika. Jorunn aliishikilia sikioni mpaka bandari iliyofuata, Båtsfjord, mbele yake bahari tulivu isiyo na kiwimbi, akisikiliza mawimbi makubwa yakipiga jikoni kwao.